Moshi Unarudi

Siku ya tatu leo jiko la marehemu baba
linanitapikia moshi usoni.
Napuliza. Napepea kwa mfuniko wa ndoo.
Kaa moja linawaka, jekundu, linanitazama,
kisha linafumba jicho
kama mtu aliyekumbuka deni.

Nje, Isevya imelowa mpaka kwenye kucha.
Kasunzu anakohoa chumbani,
anauliza uji utaiva lini.

Baba alikuwa fundi wa boila, karakana ya reli.
Jiko hili alilichomelea kwa bati nene la behewa,
akalipa mlango wa majivu,
akalisimamishia dohani mpaka juu ya paa.
Majirani wakacheka:
Msabila, unasafiri nalo hadi Mpanda?
Akasema, moto ni treni.
Usipoupa pa kuingilia na pa kutokea
utalala stesheni.

Hakuniandikia kitu. Aliniachia utaratibu wa mikono.

Kwanza majivu.
Nimeyachota, nimejaza sinia mbili.
Sasa naona sakafu kupitia matundu ya chujio.
Bado.

Kisha mkaa. Nimegonga kipande kwa kipande.
Mkaa mkavu hulia kama vigae vya chungu;
huu umejibu *puf*,
sauti ya mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake.
Nikaupima kiganjani: mzito,
mzito mno kwa kitu kilichokwisha kuungua.
Basi Kapungu wa njia ya Sikonge
ameniuzia gunia nusu mkaa nusu mvua
na vyote kanipimia kwa bei ya mkaa.
Nikaazima beseni kwa Mama Nyanzala,
ambaye mkaa wake hulala uvunguni kama mahari.
Huo ukalia vigae.
Nikauwasha. Moshi ukarudi.

Basi dohani.
Nikapanda kigoda, nikalegeza kiwiko cha bomba,
maji ya kahawia yakanitiririka hadi kwapani,
makali, yananuka nyama ya kukausha.
Bomba baridi hunywa moshi halafu hucheua,
ndivyo alivyokuwa akisema.
Nikalifuta, nikalipasha kwa gazeti linalowaka.
Ulimi wa moto ulipaswa kuinamia ndani.
Uliinama kwangu.

Nikakaa chini, kichwa kinagonga,
nikamtukana baba, kwa heshima.

Na pale chini, macho sawa na kizingiti,
nikauona ukanda wa mpira
nilioupigilia mimi mwenyewe, panya wasipite.
Nikainua macho: dari niliyopiga mimi.
Dirisha la alumini, kioo chake kimetoka jasho,
nililoliweka baada ya arobaini yake
kwa zile fedha kidogo za kiinua mgongo.
Nililing'oa la mbao, lile bovu,
lile lisilofunga tangu nizaliwe,
lililoacha upenyo wa vidole viwili
ambao mama aliulalamikia kila masika
mpaka akafa.
Nitauziba kesho, baba alimwambia.
Kesho. Miaka thelathini.
Mtu aliyejua kuziba boila kwa kusikiliza tu.

Nimevuta kioo. Vidole viwili.

Kwanza hakuna kitu.
Halafu gazeti lililobaki kwenye mlango wa majivu
likatikisika ukingo, likageuka,
na kutoka ndani ya bomba ikaja ile sauti ya chini,
*vuuu*,
ambayo nilidhani utoto wangu wote
kwamba ni baba anayeguna.
Makaa yakafumbua macho, moja, jingine, halafu yote.
Moshi ukapanda bila kuaga.

Nimechomeka mwiko dirishani lisijifunge.
Mvua inaingia kidogo, inalowesha kizingiti kipya,
rangi itabanduka, najua.
Kasunzu amekuja na shuka mabegani,
amekumbatia bakuli, anatetemeka kwa makusudi:
Mama, pale panapita baridi.

Nitapaziba kesho, nimemwambia,
nikakoroga uji.